Kifuniko cha Sanduku la Pili

Jumapili, nyumbani

Kwako mwanangu mpenzi, kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi mama yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula, unalala, na lile koti zito unalivaa, si kulitundika ukutani tu. Huku sote hatujambo. Baba yako hajambo, mgongo umempa nafuu tangu aache kuziinamia baiskeli za watu. Siku hizi anazitundika kwenye kamba anazitengeneza amesimama, na anajiona amevumbua jambo ambalo dunia nzima ilikuwa inalingoja. Bibi yako hajambo, masikio ni yale yale, ukimteta anasikia, ukimwomba apishe mlangoni hasikii. Mdogo wako, Kasuku wetu, hajambo, walimu wake wamemhamisha dawati mara tatu na kila anakopelekwa anapata wa kuzungumza naye. Jirani mshonaji anakusalimu, anasema ukirudi umpelekee ile sketi aipunguze, kama kiuno bado utakuwa nacho. Paka wako amenenepa mpaka anahema akipanda ngazi. Na mimi mwenyewe sijambo. Leo nalisema neno hilo bila kujikaza.

Mwanangu, najua kilichokukaa moyoni, kwa hiyo sitakuzungusha. Ile kesi yako imekwisha. Kikao cha tarehe kumi na nne hakipo tena. Hakuna wa kukufukuza chuo, wala hakuna atakayesema tena kwamba umepika takwimu. Profesa wako wa huku amewapigia simu wakubwa wa huko uliko, mimi nikiwa nimesimama mbele yake, nimesikia kwa masikio yangu haya. Akasema na wewe atakuandikia. Kwa hiyo shusha pumzi kwanza. Keti kitandani. Kama hujala, nenda ukale, barua haikimbii.

Umeketi? Haya.

Utaona mwandiko huu si wa Kasuku. Siku zote yeye ndiye mkono wangu, mimi nasema, yeye anaandika na kuongeza ya kwake. Safari hii nimeandika mwenyewe, siku ya tatu leo, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Kwenye simu nisingeweza. Ningeisikia sauti yako ningelia, na wewe ungelia, na betri ingekwisha tukiwa tunasikilizana makamasi tu. Na yapo maneno humu ambayo sikutaka yapite kwenye mkono wa mtu mwingine.

Nianzie siku ujumbe wako ulipofika. Kasuku aliusoma kwa sauti, sote tukiwa sebuleni. Ulisema mapafu ya mijusi wa duru ya pili yamepita kwenye ile hadubini kubwa ya huko, na seli za mijusi wa sanduku la pili ziko sawa na za sanduku la kwanza, hazikuongezeka hata kidogo. Ukasema mtahini wa huko amegonga meza, kwamba kama ni hivyo basi zile za duru ya kwanza, ulizoandika kuwa ziliongezeka, ulizibuni kichwani mwako. Na mtu akithibitika kubuni anafukuzwa, na jina lake linapelekwa vyuo vyote. Kasuku alipofika hapo akanyamaza. Kasuku, mwanangu! Ndipo bibi yako akauliza nani amekufa.

Baba yako alitaka kujua huyo mtahini anakaa wapi. Alishika pampu ya baiskeli kama mtu anayekwenda vitani, mpaka bibi akamwambia akae chini, kwamba pampu yenyewe hata tairi haijazi. Tungecheka siku nyingine. Siku ile hatukucheka.

Sisi si wasomi, lakini kazi yako tunaijua, maana ulitueleza pale pale sebuleni kabla hujaianza. Ulisema pafu la mjusi ni kama mfuko, na kuta zake kwa ndani zimekaa vichumba vichumba kama sega la nyuki. Na kwenye kuta hizo kuna seli chache za namna yake, zimejibanza moja moja au kwa vikundi, na watu wanaoelewa wanadhani kazi yao ni kuionja hewa kama ulimi unavyoonja chumvi. Hewa ikipungua, zinaipelekea habari mishipa ya fahamu. Baba yako akauliza kama ina maana mjusi ana ulimi kifuani. Bibi akasema enzi zake mijusi walikuwa na mapafu na hakuna aliyewachungulia. Wewe ukacheka, ukasema unachotaka kujua ni kimoja tu, kwamba mjusi akikaa siku nyingi kwenye hewa hafifu, je, hizo seli zake zinaongezeka ili zimsaidie?

Na masanduku yale mawili ya kioo nayajua kuliko vyombo vyangu vya jikoni. Sanduku la kwanza hewa ya kawaida. Sanduku la pili hewa iliyopunguzwa, linalishwa na ule mtungi wa gesi kwa bomba, na geji yake pembeni. Mijusi sita huku, sita kule, wiki nane. Duru ya kwanza uliwalea mwenyewe, nami nilikuwa nakuona nikifagia, mpaka viatu vyako vikawa na harufu ya wale panzi wa chakula chao. Ukapata ulichopata. Ikaja duru ya pili ya kuhakikisha, na ikaangukia wakati wewe unakwenda kujifunza hadubini. Mtunza wanyama alikuwa kwenye likizo ya ugonjwa. Ukasema nani mwingine kama si mama, aliyefagia jengo lile miaka kumi na tisa bila kupoteza hata ufunguo mmoja. Ukanipa ufunguo na karatasi ya kujaza, asubuhi geji inasomaje, jioni geji inasomaje. Nilitembea siku ile kama nimepewa cheo.

Wiki nane zilipokwisha, yule fundi wa maabara, Miwani, akawalaza wale mijusi kwa dawa, mapafu yakatiwa kwenye vichupa, vichupa vikaja kwako. Mengine ndiyo hayo.

Basi ujumbe wako ulipofika, Miwani hakukubali hata dakika moja kwamba umebuni. Alisema mtoto yule akikosea kuhesabu panzi anarudia, atawezaje kubuni seli? Akajifungia na lile sanduku la pili kutafuta kilichoharibika. Alilegeza mabomba yote akayafunga upya. Alipaka povu la sabuni kila kiungo, akakaa na tochi kuangalia kama kuna kibofu kinachopuliza. Geji akaipeleka kupimwa, ikarudi nzima. Jambo moja tu lilimsumbua, kwamba duru ya pili ilikula mitungi mitatu ya gesi wakati ya kwanza ilikula miwili. Akasema gesi inatoroka mahali, na mahali hapaonekani. Siku nne alitafuta. Mimi nikipita na ufagio ananitania kwamba ile korido nimeifagia mara mbili tangu asubuhi, nikiendelea nitang'oa vigae tutembee juu ya mchanga. Nilikuwa najichekesha tu, mwanangu.

Siku ya tano akaniambia amekata shauri. Yeye ndiye aliyefunga mabomba ya duru ya pili, kwa hiyo atamwandikia Profesa kwamba huenda hakukaza vizuri, lawama ibaki kwake. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema hana, lakini bora wamseme yeye mwenye kazi kuliko wewe ambaye bado hujaipata. Alisema hivyo huku anafuta miwani yake kwa ncha ya shati, kama mtu anayezungumzia mvua.

Nilirudi nyumbani siku ile nikampa bibi yako chai, akauliza mbona haina sukari. Siku ya pili nilijikaza kisabuni nikafika kazini, nikafagia. Siku ya tatu vilevile. Ijumaa asubuhi nikamwona Miwani anapanda ngazi na bahasha mkononi. Nikapiga moyo konde. Nikampita ngazini, mimi na magoti yangu haya, nikaingia ofisini kwa Profesa bila kubisha hodi, ufagio bado ninao mkononi.

Mwanangu, aliyefungua kifuniko ni mimi.

Hakuna bomba lililolegea. Ni mama yako. Nakueleza yote sasa, na usome mpaka mwisho kabla hujaitupa karatasi.

Ilikuwa wiki ya pili, saa sita mchana, watu wamekwenda kula. Niliingia kuwatazama tu. Wa sanduku la kwanza walikuwa hawajambo. Wa sanduku la pili, yule mwenye mkia uliokatika, mimi nilimwita Butu, alikuwa chini ya taa amefumbua mdomo. Amefumbua kabisa, na koo linapiga, linapiga, linapiga. Nikakigonga kioo, hakushtuka. Mwanangu, sikuona mjusi pale. Nilikuona wewe una miaka minne, ile siku pumu ilipokubana mchana wa jua kali, mbavu zinaingia ndani kila ukivuta, midomo imebadilika rangi, na mimi nimekubeba nakimbia na kiatu kimoja kwenda zahanati. Unanitazama hulii, maana pumzi ya kulia huna. Nesi alipokufunika ile barakoa na kifua chako kikatulia, mimi nilikaa sakafuni, wakadhani mgonjwa ni mimi. Hilo sijawahi kukwambia. Tangu siku ile kifua chochote kikihangaika mbele yangu, mikono yangu hainiulizi.

Nilifungua zile nati nne kwa vidole, nikainua kifuniko. Nilijiambia nitahesabu mpaka mia mbili nifunge. Nikahesabu, nikafunga. Kesho yake saa sita nikafungua tena. Halafu ikawa kila siku ya kazi, na mia mbili ikasahauliwa, nafungua kwanza, nafagia chumba chote, ndipo nafunga. Ikifika jioni geji imesharudi mahali pake, nami naijaza karatasi kwa mwandiko wangu bora. Nilikuwa najidanganya kwamba karatasi inauliza asubuhi na jioni, haiulizi saa sita. Lakini chini kabisa palikuwa na mstari, nao niliusoma, polepole lakini niliusoma, kwamba aliyetia sahihi anathibitisha kifuniko hakikufunguliwa. Nikatia sahihi. Wiki zote.

Na hata hilo silo baya kuliko yote. Baya ni kwamba siku Kasuku aliposoma ujumbe wako, mimi nilijua pale pale. Kabla hajamaliza mstari nilijua. Wewe unalia huko peke yako, baba yako ameshika pampu, na mimi nimekaa kwenye kochi najua, nimenyamaza. Siku tisa. Utadhani niliogopa kufukuzwa kazi. Hapana, kazi ya kufagia ningeipata kwingine. Niliogopa siku utakayokuja kusema kwamba mama asiye na shule ameharibu shule yangu. Nilikuwa nasikia unavyolisema, na sauti yako hasa. Ndipo mtu baki akabeba bahasha ili akubebee lawama yangu, na mimi mzazi wako nimeshika ufagio.

Profesa alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata pale niliporudia mara mbili. Miwani naye alikuwa amefika mlangoni na bahasha yake, akasikia yote. Profesa akaniuliza ni saa ngapi hasa, kwa muda gani, siku zipi, anaandika. Akamgeukia Miwani akamwuliza hewa ikiingia kiasi hicho, mtungi utatumia gesi kiasi gani kulirudisha sanduku mahali pake. Miwani akakokotoa kwenye mgongo wa bahasha ile ile. Akapata mitungi mitatu. Akaitazama hesabu yake, akanitazama mimi, akaketi kwenye kiti cha wageni, akasema siku nne, mama, siku nne nimelamba sabuni.

Halafu Profesa akaniuliza hasa ni nini kilichonifanya nifungue. Nikamwambia mjusi alifumbua mdomo anatafuta hewa. Miwani akafunga macho. Akasema mama, mjusi akikaa chini ya taa ya moto anafumbua mdomo kupunguza joto, ndivyo anavyojipepea. Hata wale wa sanduku la kwanza wanafanya hivyo, ila mimi macho yangu yote yalikuwa kwa Butu. Kama nilimhurumia ningezima taa tu. Akasema na lile pafu lenyewe lina vionjo vyake vya kujua hewa imepungua, halikuniomba mimi nilionjee. Profesa alijaribu kuuma midomo, ikamshinda, akacheka mpaka akatoa kitambaa. Miwani akacheka. Na mimi nikacheka, mwanangu, huku machozi yananitiririka mpaka kwenye mpini wa ufagio. Sikumbuki nimewahi kuwa mwepesi namna ile.

Usidhani nimeachwa hivi hivi. Baada ya kicheko Profesa alinisema, na alinisema barabara. Nimepewa barua ya onyo imewekwa kwenye faili langu, na nimestahili. Aliniandikisha maelezo yote kwa mkono wangu ili yatumwe huko, na Miwani akaambatanisha hesabu ya mitungi, wasije wakasema mama anamfichia mtoto wake. Ndipo akapiga simu. Mtahini wako huyo alikuwa mkali mwanzoni, namsikia kwenye simu anabweka. Akaulizwa kama yuko tayari kumfukuza mwanafunzi kwa sababu mfagiaji ana huruma. Akapoa. Wamekubaliana takwimu za duru ya kwanza zibaki kama zilivyo, na duru ya pili irudiwe upya wiki nane. Wiki nane zako hizo nimezila mimi, na sijui nitakurudishia kwa nini.

Nyumbani nimewaambia wote jioni ile ile. Baba yako akasema angalau sasa anajua nani wa kumjia na pampu. Bibi yako alisikia kila neno bila kurudiwa. Akaniita nikae karibu yake, akanishika mkono. Kasuku anasema nitakuwa mama wa kwanza kutajwa kwenye kitabu cha mapafu ya mijusi. Mwache aseme, nilikuwa nimeikosa sauti yake.

Sasa lipo moja ninalotaka kwako, na ni la haraka. Mijusi wapya wanaletwa baada ya wiki tatu. Mtunza wanyama bado anaumwa. Profesa amesema kazi ni yako, kwa hiyo wewe ndiwe utakayetaja nani ashike ufunguo wa chumba kile, Miwani au mimi. Ndiyo, mimi pia alinitaja, nadhani ili nisijione nimetupwa. Usinichague. Nasema kweli, si kwa kununa. Nimejipima. Najua sasa ni joto tu, nimeelezwa, nimeelewa, ningeweza hata kumweleza mwingine. Lakini akifumbua mdomo yule mjusi na koo likaanza kupiga, mkono wangu utakwenda, na sitaki kukuahidi kitu ambacho mkono hautakubali. Nitafagia korido. Mlango wa chumba kile nitaufagia kwa nje.

Ila neno la kumpa Miwani ufunguo litoke kwako, nisilisikie kwa Profesa. Na ukiandika, uniambie umenikasirikia kiasi gani. Usinipunguzie. Kasirika unavyotaka, ila usikae kimya, kimya nimekaa mimi siku tisa na najua uzito wake.

Baba yako, bibi yako na Kasuku wanakusalimu tena. Vaa koti. Dawa yako ya kifua itembee nayo mfukoni, usiiache chumbani.

Andika upesi mwanangu, hata mstari mmoja.

Ni mimi mama yako.